Bado ya Tatu

Serikali yetu ilipoipanga upya elimu ya ufundi, ilifuta neno kufeli. Ililifuta kama mtu mvivu anavyofagia, vumbi likaenda chini ya mkeka. Sasa hafeli mtu. Mtathmini wa Mamlaka ya elimu hiyo anakuja karakanani, anakupa kazi, anakutazama unavyoifanya, kisha anaandika neno moja kati ya mawili: Mahiri, au Bado. Ukipata Bado unajipanga na kurudi. Ukipata Bado ya tatu unarudishwa mwanzo kabisa, ukakae na watoto waliomaliza shule juzi, miaka miwili, na muda wote huo huruhusiwi kugusa waya wa nyumba ya mtu.

Mume wangu alikuwa na Bado mbili.

Mimi ndiye mwalimu wa umeme na msimamizi wa karakana katika chuo cha ufundi cha hapa kwetu. Wanafunzi wananiita Mama Fyuzi na wanadhani sijui. Wanasema nakatika haraka. Nakatika haraka, sikatai, lakini fyuzi ikikatika nyumba haiungui, na hilo wao hawalisemi. Mume wangu naye anaitwa Chapchap. Jina hilo alipewa mtaani kabla sijamjua, kwa sababu ukimwita asubuhi kwa kazi ya siku mbili, jioni anakuaga. Fyuzi na Chapchap ndani ya nyumba moja. Majirani zetu hawahitaji redio.

Sheria mpya ilisema fundi wa mtaani, aliyejifunza kwa kuwashikia wenzake ngazi, anaweza kurasimishwa. Halazimiki kukaa darasani. Aje apimwe, akionekana mahiri apewe cheti cha daraja lake na leseni. Lakini mwaka ukiisha, asiye na leseni akikutwa juu ya ngazi na plaizi mkononi, huyo si fundi tena, ni mhalifu. Mimi sheria hiyo naiunga mkono, na nilimwambia hivyo tukiwa tunakula. Tulinuniana wiki nzima.

Kazi yake ni safi, nisimwonee. Waya zake hulala ukutani kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira, ingawa subira yenyewe hana. Kasoro yake ni moja: hapimi. Umeme ukishazimwa, fundi anatakiwa atoe testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo kwenye mpini, aguse waya kwa testa kwanza ndipo aguse kwa mkono. Kitaa kikiwaka, umeme upo, hata kama mama yako mzazi amekuapia kwamba haupo. Chapchap yeye hufanya kazi kwa kuambiwa. Akiambiwa umezimwa, mkono huo ndani. Mtihani wa kwanza hakupima kabisa. Mara ya pili alipima baada ya kushika, kama mtu anayebisha hodi akiwa ameshakaa sebuleni.

"Miaka yote hii sijafa," aliniambia siku ile tukirudi nyumbani.

"Kila marehemu alikuwa hajafa mpaka siku aliyokufa," nikamjibu.

Sasa kuna hilo neno lenyewe, bado, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Mafundi wa mtaani wana desturi yao. Umeme wa mji wetu hukatika mara kwa mara, basi ukikatika mtaa mzima wao hupanda ngazi na kufanya kazi bila kuzima swichi yoyote. Aliye juu anauliza kwa sauti, "Huko bado?" Aliye chini anajibu, "Bado." Maana yake umeme haujarudi, endelea. Miaka nenda rudi wanaulizana hivyo, na neno limeshawakaa mdomoni, mgawo wa umeme uwepo usiwepo. Mpaka siku moja rafiki yake Chapchap, aliyeanza naye kazi, akauliza "Huko bado?" akiwa ndani ya dari ya duka. Mwenye duka alikuwa ameambiwa azime swichi na alikuwa hajaizima. Akajibu kwa moyo mweupe kabisa, "Bado." Rafiki yule leo anauza maji ya chupa kwa mkono mmoja.

Ndiyo maana karakanani kwangu neno hilo nimelipiga marufuku. Limeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu: HAPA HAKUNA BADO. Umeme ama umezimwa, ama upo. Mwanafunzi akiniambia bado, namtoa nje akafagie uwanja. Halafu Mamlaka, kwa hekima yake, katika lugha nzima ikaenda kuchagua neno hilohilo la kuwaandikia watu kwenye matokeo. Nililalamika kikaoni. Mkuu wa chuo akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni sera, siyo soketi." Nikakaa chini nikiwa nimevimba.

Siku ya mtihani mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alimfunga mwanawe kifungo cha juu cha shati kama anampeleka darasa la kwanza. Kisha akanivuta pembeni.

"Mkwe wangu, utakuwa humo ndani. Ukiona anakosea, mkoholee."

"Mama, kukohoa kumekatazwa."

"Basi piga chafya."

Hakuwa anatania.

Karakana yangu ndiyo pekee karibu na hapa yenye kibanda cha mtihani kilichoidhinishwa. Kwa hiyo Mamlaka ilikubali nisimamie hata siku ya mume wangu, kwa sharti kwamba nisimpime, nisiseme neno, nisitoe ishara ya mkono. Msimamizi akimwambia mtahiniwa chochote, mtihani umekufa. Kazi yangu ni moja tu: kusimama karibu na kitufe chekundu kinachokata umeme wa karakana nzima, na kukibonyeza nikiona hatari. Nikikibonyeza, mtathmini anaamua kosa ni la nani. Likiwa la mtahiniwa, anaandikiwa Bado. Likiwa la karakana, mtahiniwa anarudia, na msimamizi anavuliwa usimamizi mpaka apimwe upya. Yote hayo nilikuwa nayajua kwa moyo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wengine.

Mtathmini alikuwa mwanamke mkimya mwenye miwani. Viatu vyake vya kazi vilikuwa vimechakaa kwenye vidole, nikamheshimu papo hapo. Taabu ilianza kwingine. Msaidizi wangu wa kushika swichi kuu ya kibanda aliamka na homa, nikaletewa mtunza stoo. Mzee mpole, anajua kila msumari ulipolala, lakini swichi kuu kwake ni mzinga wa nyuki. Nilimweleza: ukisikia "zima," unashusha mkono wa swichi, unaufunga kwa kufuli, unasema "umezimwa." Akaitikia kwa kichwa. Ilinipasa kukataa. Nilijua kabisa ningeweza kukataa na siku ikaahirishwa, lakini Chapchap alikuwa hajalala vizuri tangu Jumapili, nikasema liwalo na liwe.

Swichi kuu iko nyuma ya ukuta wa mbao. Aliye kwenye kibanda haioni, na mtathmini aliyekaa mbele ya kibanda haioni pia. Mimi niliyesimama mwisho wa ukuta ndiye peke yangu niliyeona pande zote mbili. Kushoto mume wangu na kisanduku chake cha vifaa, kulia mtunza stoo na rundo la funguo.

Kazi aliyopewa ilikuwa kubadilisha soketi iliyoungua. Alianza vizuri. Alitandika kitambaa, akapanga vifaa, akasoma mchoro kwa kidole. Nilimwona akiigusa testa iliyokuwa kwenye mfuko wa kifuani, nikasema moyoni, leo Mungu kamfungua masikio. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Zima."

"Haya," akajibu mtunza stoo.

Mkono wa swichi ile ni mgumu. Ni wa zamani, unataka uusukume ndani kidogo ndipo ushuke, na hilo nilisahau kumwambia. Akauvuta, haukushuka. Akaweka funguo chini, akauvuta kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa linamtoka. Mimi nimebanwa mdomo, nauma ulimi, natamani nimsukume kwa macho.

Kwenye kibanda Chapchap alisubiri. Kwake kusubiri ni adhabu. Akahamisha uzito mguu huu, akahamisha mguu ule, akafungua kifuniko cha soketi, waya zikachungulia nje. Na hapo, jamani, mazoea yana taabu, mume wangu akainua kichwa na kuuliza kwa sauti ile ya juu ya ngazi:

"Huko bado?"

"Bado," akajibu mtunza stoo.

Niliuona mkono wa swichi uko juu, umesimama wima. Nikamwona Chapchap akitikisa kichwa kwa kuridhika, kama alivyotikisa maisha yake yote. Mtathmini aliinua macho kutoka kwenye karatasi, maana neno lilikuwa limemgonga, akamwacha Chapchap na kugeukia ukuta wa mbao, lakini swichi hakuiona. Niliyeona ni mimi.

Kitufe kilikuwa chini ya kiganja changu. Nikikibonyeza na kosa likawa lake, ni Bado ya tatu. Basi tena, fundi wa umri wake akakae benchi moja na watoto wanaomwita baba. Nisipokibonyeza, labda atakumbuka testa. Labda. Kuna kinga inayokata umeme ukimshika mtu, lakini na yenyewe ni ya zamani kama swichi. Mkono wake ulianza kupanda. Akanitazama, sekunde ile ile, usoni. Nikafumba macho nikabonyeza.

Feni zilisimama. Ukimya wa karakana isiyo na umeme ni mzito, unasikia hata kuku wa jirani. Nilipofumbua macho, Chapchap alikuwa amegeuka ananitazama, na testa ilikuwa mkononi mwake, ncha yake imeelekea kwenye waya.

Ilikuwa mkononi mwake.

Nyuma ya ukuta mtunza stoo aliuliza, "Nimeharibu?"

Mtathmini alivua miwani. Alikwenda kuitazama swichi, akarudi, akaitazama testa, kisha akasimama mbele yangu. "Msimamizi, umeona nini?"

"Nimesikia neno, nimeona swichi iko juu, nikabonyeza."

"Mtahiniwa alikuwa anagusa waya kwa mkono, au kwa testa?"

Hapo ndipo penyewe. Ningesema kwa mkono, angeniamini. Mimi ni mwalimu, naye ana Bado mbili za kosa hilohilo. Karakana ingebaki yangu. Ningesema kwa testa, angeandika kosa la karakana, na mimi nimeitengeneza karakana ile tangu ilipokuwa ghala la viti vibovu. Na ukweli ni kwamba mikono yake sikuiona.

"Nilifumba macho," nikasema. "Nilipofumbua, testa ilikuwa mkononi."

"Ulifumba macho? Wakati wa hatari?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mume wangu na sikumwamini. Nilijua atagusa."

Chapchap aliangalia chini. Mtathmini akamgeukia. "Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa na testa," akasema polepole.

Mtathmini aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma, bila kelele wala dharau. Karakana ilimweka kwenye swichi mtu ambaye hajafundishwa. Neno lililokatazwa mlangoni lilitumika ndani. Msimamizi hakutazama alipotakiwa kutazama. Mtahiniwa naye alitumia neno baya, lakini hakushika waya, kwa hiyo atarudia leo mchana chini ya usimamizi wa mkuu wa chuo. Msimamizi wa karakana atakwenda mafunzo na kupimwa upya.

"Na kwa leo," nikauliza, ingawa nilijua, "umeniandika nini?"

"Bado," akasema. Nadhani lilimuuma kidogo.

Mchana nilikaa nje, chini ya dirisha la karakana yangu mwenyewe, kama mzazi aliyeitwa shuleni. Ndani nilisikia "Zima." Kisha kimya, kimya kirefu ambacho sijawahi kumsikia Chapchap akikivumilia. "Umezimwa?" "Umezimwa na kufungwa," akajibu mwalimu mwenzangu aliyewekwa kwenye swichi. Halafu mume wangu akasema kwa nguvu, akilielekea dirisha, "Napima." Nikaficha uso kwenye mtandio. Alipotoka alikuwa ameshika karatasi yenye neno Mahiri, na mama mkwe alipoiona nyumbani aliimba mpaka sauti ikamkauka.

Nilingoja shangwe zipoe. Alikuwa anavua viatu.

"Asubuhi," nikamwambia, "ulikuwa unatoa testa kweli?"

Akavua kiatu cha pili. Akakiweka sawa na mwenzake, jambo asilofanya kamwe.

"Nilimwambia yule mtathmini nilikuwa na testa. Sikudanganya, nilikuwa nayo."

"Sijauliza hivyo."

"Nilikuwa naingiza mkono," akasema. "Niliposikia bado, kwangu umeme haukuwepo. Halafu nikauona uso wako. Ndipo nikatoa testa."

"Uso wangu ulisemaje?"

"Ulisema mimi ni mjinga."

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa moto, hasira ya mtu aliyeogopa. Nilimtukana, sitaficha. Nilimwambia amepewa cheti kwa kusoma uso wa mkewe, kwamba mchana alipima kwa sababu alijua niko dirishani, na kwamba kwenye dari za watu mimi sitakuwepo. "Siku nisipokuwepo itakuwaje?" nilimwuliza. Nikachukua kamba ya viatu, nikaifunga kwenye mpini wa testa, nikamvisha shingoni kama mtoto anayevishwa ufunguo wa nyumba asiupoteze. Hakubisha.

Kazi yake ya kwanza ya leseni ilikuwa nyumba kuukuu upande wa pili wa mji. Mimi sikuwa na pa kwenda. Karakana ilikuwa imefungwa mpaka nipimwe. Mlangoni nilimwuliza, "Testa?" Akajipiga kifuani. "Usinipigie simu," akasema, "nitakuwa juu ya ngazi."

Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nilipanga kabati, nikalipangua. Mama mkwe aliniuliza mara ngapi sijui kama mwanawe amerudi, nami kila mara nilimjibu "hajarudi," kwa ukamilifu, kwa sababu neno lile lingine sikuweza kulitoa mdomoni. Simu nilikuwa nimeiweka kifudifudi juu ya meza nisiione. Mchana ukapita. Nilijiambia Chapchap angekuwa ameshamaliza zamani, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Alipoingia hakusema hodi. Alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu, kisanduku kingali begani, testa inaning'inia kifuani.

"Mwenye nyumba alizima mbele yangu," akasema. "Nimeiona swichi kwa macho yangu haya ikishuka. Nikamwuliza, umezimwa? Akasema umezimwa. Akaapa."

"Halafu?"

"Halafu nikatazama pembeni kama upo." Akatua kisanduku sakafuni. "Hukuwepo."

Nikamshika goti.

"Nikapima, Fyuzi. Kitaa kikawaka." Aliishika testa kwa vidole viwili. "Fundi aliyenitangulia alivuta waya kutoka nyumba ya jirani, akaupitisha ukutani, hakumwambia mtu. Swichi yao haina habari nao. Mkono wangu ulikuwa hapa." Akanionyesha, kiganja na goti langu, karibu hivyo.

Nililia kama mjinga, nikimpiga begani kwa ngumi isiyo na nguvu, naye akaniacha nimpige.

Chumbani mama mkwe alisikia kelele, akauliza kwa sauti yake iliyochoka, "Mkwe wangu, mwanangu bado?"

Nilimwona Chapchap akifungua mdomo. Nililiona neno likija, limefika kwenye midomo. Akalirudisha.

"Nimerudi, mama," akasema. "Nipo."